Dada Kanda na Mwisho wa Upande wa Pili

Wakija watu wa redio kutafuta historia ya Kundi la Foleni, hupita mbele ya kibanda cha Dada Kanda bila hata kugeuza shingo. Moja kwa moja kwa mdogo wake, Msumari, ambaye siku hizi ana mvi, kitambi na kiti cha kuzunguka, awasimulie jinsi vijana watatu walivyowatia wakubwa tumbo joto kwa muziki wa kufokafoka. Na Msumari anajua kusimulia, mpe haki yake. Atakupa virungu, atakupa askari, atakupa jukwaa lililokatiwa umeme katikati ya ubeti. Lakini wakimuuliza, "Na aliyekuwa akiwauza kwa polisi ni nani?" utamwona anakohoa, anaomba maji ya kunywa, anauliza kama kinasa sauti kimeshazimwa.

Wangegeuza shingo tu, jamani, wangepata jibu. Dada Kanda yupo palepale, anajua lote, na hana kikohozi.

Enzi hizo kazi yake ilikuwa kunakili kanda. Alikuwa na deki mbili, chupa ya spiriti, pamba, bisibisi ndogo kama ya fundi saa, na kalamu zilizokwisha wino ambazo hakutupa hata moja, maana kalamu ndiyo ya kuzungushia kanda utepe ukilegea. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, alifuta vichwa vya deki kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kanda ikishanakiliwa, alivunja vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni, mtu asije akarekodi mambo yake juu ya kazi ya mwenzake. Na alinakili kwa kasi ya mara mbili, kama wote wa kazi ile, kanda ya saa nzima ikaisha kwa nusu saa. Ukinakili hivyo, sauti ya mtu hugeuka ya kifaranga, piu piu piu, huambulii neno. Kwa hiyo alifunga sauti kabisa. Ikiisha, alionja mwanzo wa upande wa kwanza, akaonja katikati, akaonja mwanzo wa upande wa pili, basi. Mwisho haonjwi. Ukishaonja mchuzi mara tatu, kwani lazima ulambe na sufuria?

Mumewe alimpata hapohapo kibandani. Alikuwa karani wa ofisi ya maji, mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuja kutaka kanda ya nyimbo mchanganyiko, akaleta orodha iliyopigwa taipu, nakala tatu: moja ya fundi, moja ya mteja, moja ya kumbukumbu. Dada Kanda alicheka mpaka akashika meza. Aliporudi kuchukua kanda yake alileta orodha nyingine, na wiki iliyofuata nyingine, hata majirani wakaona huyu bwana hafuati nyimbo. Wakaoana. Mtaa mzima ukamwita Karani, na yeye akaitikia.

Sasa, Kundi la Foleni. Lilizaliwa kwenye foleni ya maji, wala si kwenye studio kama vitabu vinavyodai. Bomba la mtaa lilitoa maji mara moja kwa wiki, likitaka. Watu wakasimama na ndoo tangu alfajiri, na Msumari na wenzake wawili walipitisha muda kwa kuwafokea kwa vina waliokuwa wakirukia foleni. Kobe ndiye aliyekuwa mzito wa kuzungumza kuliko wote, ukimsalimu unajibiwa kesho, lakini mpe ubeti, pumzi utaitafuta wewe, yeye haitafuti. Redio alipiga ngoma kwa mdomo. Foleni ikacheka. Walipowamaliza warukia foleni ya chini, wakapanda kwa warukia foleni ya juu, wale ambao maji yao hayakatiki. Hapo foleni haikucheka tena, ilipiga makofi.

Kanda ya kwanza ikatoka. Msumari alimletea dada yake kanda mama, yaani ile ya asili, naye akanakili, zikauzwa chini ya mafungu ya nyanya na ndani ya viatu vya mtumba. Wiki tatu baadaye askari kanzu walivamia karakana ya seremala mmoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, wakabeba mbao, wakabeba hata msumeno, wakapiga kufuli. Kosa lake? Alikuwa akiwapa vijana chumba cha mazoezi. Na jambo hilo lilijulikana na watu watano tu: vijana wenyewe, seremala na Dada Kanda.

Watano? Hapo ndipo Dada Kanda alipokaa kitako akawaza. Maana siku chache kabla ya uvamizi alikuwa anafua, akapindua pindo la suruali ya mumewe, ukamwagika unga wa mbao. Karani wa ofisi, anayeshinda na mihuri na mafaili, unga wa mbao ameutoa wapi?

"Nilipita kuulizia stuli," Karani alisema, macho kwenye gazeti.

"Stuli ya nani?"

"Yako. Unakalia kreti mwaka wa nne sasa."

Lilikuwa jibu zuri. Lakini stuli haikuja, wala Karani hakuitaja tena, na seremala akabaki bila karakana. Dada Kanda akaumeza wasiwasi wake, ukakataa kukaa tumboni.

Kanda ya pili ikatoka. Safari hii akaondolewa mwalimu wa darasa la sita aliyewaazima maikrofoni ya shule. Akapewa uhamisho kwenda shule ambayo hata barua hufika kwa kubahatisha. Sasa kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Redio akamnyooshea kidole Kobe, eti mjomba wake anavaa sare. Mjomba mwenyewe alikuwa mlinzi wa benki, maskini wa Mungu, na filimbi yake shingoni! Kobe akatafuta neno la kujitetea, na kwa uzito wake neno likachelewa, wakaona kimya chake ndio ushahidi. Akakaa nje ya kundi miezi miwili kabla hawajamrudia na kumwomba radhi.

Dada Kanda aliyatazama hayo yote akanyamaza, na roho inamsuta. Yeye alijua wa kunyooshewa kidole, na alikuwa anamtengea chakula kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na yeye nguo zenyewe alizifua kwa mkono wake. Akaanza kumchunguza. Karani akiimba bafuni wimbo wa Kundi la Foleni, alijiuliza: huu anaufurahia au anaukariri aende kuutapika kwa wakubwa? Karani akiuliza, "Vijana hawajambo?" alijiuliza: anawaulizia kwa ajili ya nani? Hata alivyokunja gazeti ilimtia shaka. Ukishaanza kushuku, kila kitu kina mkia.

Akaamua kumtega. Asubuhi moja akamwambia, kama mtu anayeropoka tu, "Leo watoto wanafanyia mazoezi nyuma ya ghala la saruji." Uongo mtupu. Mchana akafunga kibanda, akajibanza ng'ambo ya barabara, akalitazama ghala mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuja askari. Alikuja mtu mmoja tu, akajisaidia ukutani akaenda zake, na Dada Kanda akamshuku naye. Aliporudi nyumbani Karani akamuuliza, "Mbona leo umechelewa?" Ahaa! Amejuaje kama nimechelewa? Ndivyo alivyowaza, naam, mtu mzima mwenye akili zake.

Kisha ikaja bahasha. Bahasha ya kaki, ina muhuri wa ofisi, ameiona ndani ya koti la mumewe lililotundikwa mlangoni. Akaingiza vidole, akahisi karatasi mbili, mara mlango wa bafu ukalia, akarudisha. Kesho yake bahasha haikuwepo. Kwake yeye hapakuwa na la kuuliza tena: yale yalikuwa majina, na yameshafika yanakokwenda. La Msumari, la Kobe, la Redio, na labda lake mwenyewe. Akamsubiri mumewe arudi kazini, akamzibia mlango kwa mwili wake.

"Unawapelekea nini wakubwa zako?"

Karani akasimama na mkoba wake kwapani. Akamtazama mkewe kwa muda, uso umeingia huzuni ambayo Dada Kanda aliisoma kuwa ni hatia.

"Kuna mambo, mke wangu, ukiyajua utalazimika kuyabeba. Wakikuuliza, bora uwe hujui."

"Nani waniulize? Wenzako?"

"Niamini tu."

"Nilikuamini ulivyosema stuli. Yabebe hayo mambo yako mwenyewe, na nguo zako uzibebe."

Hakubishana. Alikusanya nguo, akazikunja moja moja kama kawaida yake, akaosha kikombe alichonywea chai asubuhi, akakifunika, akaenda kukaa kwa dada yake. Kile kikombe kilimuuma Dada Kanda kuliko matusi. Alilia, kisha akajilaumu kwa kumlilia msaliti.

Msumari alipouliza, "Shemeji yuko wapi?" alijibiwa, "Kwa dada yake. Ni mambo ya ndani, usiyaingilie." Msumari akafungua mdomo, akaufunga. Angesema tu siku ile! Lakini alikuwa ameapa kwa mtu kutomwambia dada yake, na dada naye hakutaka kumwambia mdogo wake kwamba nyoka ametoka nyumbani kwao. Kila mmoja akaondoka na siri yake, wakiachana kwa adabu kabisa.

Baada ya siku chache Msumari akaleta kanda mama ya tatu, amefurahi mpaka anatetemeka. Ndiyo hii iliyowapa jina mpaka leo. Ndani yake kulikuwa na wimbo unaoisoma barua ya serikali neno kwa neno, tarehe na kumbukumbu namba, jinsi bomba la mtaa lilivyogeuzwa likaenda kunywesha bustani ya mkubwa mmoja. Dada Kanda alionja mwanzo, akaonja katikati, akaonja mwanzo wa upande wa pili. Akafunga sauti, akaanza kazi. Siku tisa, nakala mia mbili, vijino mia nne vya plastiki vimetapakaa sakafuni. Kazi ile aliifanya kwa hasira tamu, akisema moyoni, haya Karani, kawapelekee na hii.

Mji ukawaka. Watu waliimba kumbukumbu namba ya barua kwenye foleni kama wimbo wa shule.

Jumatano iliyofuata akaja kinyozi jirani, kanda mkononi, utepe unaning'inia kama utumbo. "Mashine yangu imeitafuna, dada. Mwishoni kabisa, upande wa pili." Dada Kanda akafungua skrubu tano, akakata kipande kilichokunjika, akaunga kwa selotepu aliyoichana nyembamba, akarudishia utepe kwa kalamu. Sasa kiungo kikishaungwa lazima kijaribiwe, upitishe utepe kwa kasi ya kawaida na sauti imefunguliwa, usikie kama unapita au unakwama. Akabonyeza. Wimbo wa mwisho ukaisha. Ukafuata ukimya, mrefu, wa mtu kudhani kanda imekwisha. Halafu ikatoka sauti ya mdogo wake, anacheka.

"Kabla hatujaondoka, shukrani zetu. Mama alitufundisha, asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hatashukuru. Kwa shemeji yetu karani wa maji, mume wa dada yetu: barua umeitoa wewe, sisi tumeitia mdundo tu. Shemeji, siku maji yakitoka, ndoo ya kwanza ni yako."

"Imepona?" kinyozi akauliza.

Dada Kanda hakumsikia. Alikuwa anavuta sanduku la bati la kuwekea kanda mama kutoka chini ya meza. Ya kwanza akaipeleka mbele mpaka mwisho, akabonyeza. Ukimya. Kisha Kobe, kwa mwendo wake wa mzigo wa kuni, anamshukuru fundi seremala wa nyuma ya kiwanda cha sabuni kwa kuwapa chumba cha mazoezi. Ya pili. Ukimya. Redio anamshukuru mwalimu wa darasa la sita, maikrofoni tutairudisha Jumatatu. Maikrofoni yenyewe, wala hawakuirudisha.

Hakukuwa na msaliti. Hakuwahi kuwepo! Vijana wenyewe ndio waliowataja waliowasaidia, kwa heshima na taadhima, mwisho wa kila kanda, na yeye ndiye aliyewanakilia. Alimfukuza mumewe eti ameliuza jina la ndugu yake, huku mikono yake mwenyewe imelitoa jina la mumewe nakala mia mbili.

"Niangalizie kibanda," alimwambia kinyozi, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Ofisi ya maji ilikuwa ghorofa ya pili. Alipofika chini ya ngazi alisikia viatu vinashuka, vya watu watatu. Karani alikuwa katikati, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Akamwona mkewe, anahema, mguu mmoja pekupeku. Akasimama. Akamtazama kwa macho yaleyale ambayo Dada Kanda alimtazama nayo yeye kwa miezi yote ile.

"Ni wewe?" aliuliza.

Neno lilikuwa moja tu, hapana. Lakini Dada Kanda aliona mikono yake, aliona zile kanda mia mbili, na mdomo ukatangulia akili.

"Ni mimi," alisema.

Askari kanzu mmoja akacheka. "Pole, bwana. Wanawake hawa." Wakamsukuma mbele, na Dada Kanda alipopata maneno mengine, mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.

Msumari alimkuta sakafuni kibandani, akasimuliwa yote. Alilia naye, akasema mara kumi, "Lakini dada, nani anayesikiliza kanda mpaka mwisho?" Nani? Serikali, mwanangu! Sisi wote tuliipenda kanda ile, tuliicheza mpaka ikakwaruza, na wimbo wa mwisho ukiisha tuliirudisha mwanzo. Mtu mmoja tu mji mzima aliyeisikiliza hadi utepe ukaisha ni karani mwingine, kwenye ofisi nyingine, ana vipokea sauti masikioni na penseli mkononi, na analipwa.

"Na stuli?" Dada Kanda akauliza.

"Ilibaki kupigwa msasa tu," Msumari alisema. "Ilibebwa na mbao nyingine."

Barua hazikuruhusiwa, wala kutembelewa. Miezi kumi na minne. Dada Kanda alizitafuta zile kanda moja baada ya nyingine, fungu la nyanya hadi fungu la nyanya, akawaomba watu wamrudishie mara moja tu. Kwa kuwa vijino alishavivunja, aliziba matundu kwa selotepu, akarekodi ukimya juu ya shukrani, kwa kasi ya kawaida, akisikiliza kila moja hadi mwisho. Faida gani? Mtu ameshachukuliwa. Lakini mikono ilitaka kufanya kitu. Ni kanda mama peke yake ambayo hakuigusa.

Karani alirudi mchana mmoja wa jua kali. Hakwenda nyumbani. Alikuja kibandani, amepungua, shingo inaogelea ndani ya kola, akabaki amesimama upande wa wateja.

"Nimekuja kuuliza swali moja," alisema. "Miezi yote hii nalifikiria hilo tu. Nilikukosea nini hata ukaniuza?"

Dada Kanda alitaka kumweleza. Alikuwa na hotuba nzima, aliifanyia mazoezi usiku na mchana, na sasa akaiacha. Akavuta sanduku la bati, akatia kanda mama ya tatu, akaipeleka mbele, akabonyeza, akafungua sauti. Wakasubiri ule ukimya wote pamoja. Kisha Msumari akacheka ndani ya spika, akashukuru.

Karani akasikiliza, kichwa kimeinama. Utepe ukaisha, deki ikajizima. Dada Kanda akajiambia, sasa anaondoka, na ana haki.

"Irudishe nyuma," Karani alisema.

Akairudisha. Wakasikiliza tena. Akaomba mara ya tatu. Alikuwa ametumika miaka kumi na moja kwenye ofisi ile, na machozi yalimtoka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza.

"Amesema ndoo ya kwanza ni yangu?"

"Ni yako."

"Maji yameshatoka?"

"Bado," alisema Dada Kanda. "Hayajatoka."

Karani akazunguka meza, akaingia ndani, akavuta kreti akaliweka kando ya deki. "Basi nitayasubiri hapahapa," akasema, akaketi.